Setilaiti Iko Wapi Hasa? Sehemu ya Tatu: Programu Zinazochora Uga Sumaku wa Dunia

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuatilia jinsi setilaiti inavyobaki angani bila kuanguka, na jinsi njia yake inavyopigiwa hesabu. Tuliishia kwenye ramani ya dunia yenye mstari uliopinda, ule ambao setilaiti huupita juu ya mabara na bahari. Ramani ile ni sahihi, lakini kwa mtu anayechunguza mazingira ya anga za juu haitoshi. Leo nitaeleza inapungukiwa na nini, na aina ya programu za kompyuta zilizobuniwa kujaza pengo hilo.

Chukua setilaiti ya televisheni iliyowekwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, mkabala na Afrika Mashariki. Mwenye dishi Mombasa au Mwanza hulielekeza karibu juu ya utosi wake. Kwenye ramani ya kawaida setilaiti hiyo ni nukta moja isiyosogea usiku wala mchana. Sasa uliza elektroni zinazoipiga setilaiti hiyo zinatoka wapi na zinaelekea wapi. Zinajizungusha kwenye mstari wa uga sumaku unaopita mahali hapo. Ukiufuata mstari huo kuelekea kaskazini, utakuteremsha karibu na Aktiki, kwenye latitudo ya kisumaku ya digrii 67 hivi. Ukiufuata kusini, utaishia kwenye bahari baridi inayoizunguka Antaktika. Kwa hesabu za sumaku, setilaiti inayoonekana juu ya vichwa vyetu ina uhusiano zaidi na maeneo ya barafu kuliko na Mombasa.

Hii inatokana na tabia moja ya chembe zenye chaji ya umeme: haziwezi kuukata uga sumaku zipendavyo. Nguvu ya sumaku huzisukuma pembeni mwa mwendo wake, nazo hubaki zikizunguka mstari wa uga huku zikiteleza kuufuata, kwenda na kurudi kati ya kaskazini na kusini. Kwa hiyo setilaiti mbili zilizotengana kwa maelfu ya kilomita zinaweza kuwa kwenye mstari mmoja na kupima chembe zilezile, na nyingine mbili zilizo karibu karibu zikapima vitu visivyohusiana kabisa, moja ikiwa ndani ya himaya ya sumaku ya dunia na mwenzake nje. Anayesoma vipimo bila kujua jambo hilo atapotoka mapema sana.

Tunajuaje mistari hiyo inapita wapi? Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alichapisha De Magnete, kitabu kilichoeleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Katika miaka ya 1830 Mjerumani Carl Friedrich Gauss akaonyesha kwamba vipimo vya vituo vilivyotawanyika duniani vinaweza kugeuzwa kuwa orodha fupi ya namba, na kwa namba hizo mtu akakokotoa nguvu na mwelekeo wa uga mahali popote. Njia yake inatumika hadi leo. Kila baada ya miaka 5 wataalamu wa kimataifa hutoa orodha mpya, iitwayo IGRF, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kwenye kiini cha nje cha dunia hakitulii, na uga unaozaliwa humo hubadilika pamoja nacho.

Kwenye uso wa dunia uga huo una nguvu ya takriban nanotesla 30,000 karibu na ikweta, na hupita 60,000 karibu na ncha. Lakini hudhoofika haraka: umbali kutoka kitovu cha dunia ukizidi mara mbili, nguvu inabaki moja ya nane. Kwenye umbali wa nusukipenyo 10 za dunia, yaani kama kilomita 64,000, zinabaki nanotesla 30 hivi. Huko ndiko unakokutana na upepo wa jua, mchanganyiko wa protoni na elektroni unaotoka kwenye jua kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, na wakati mwingine mara mbili ya hapo. Upande wa mchana upepo huo huukandamiza uga wa dunia, na upande wa usiku huuburuta ukawa mkia mrefu unaofika mbali kuliko mwezi. Mbele ya mpaka wa mchana, upepo wenyewe hupunguzwa kasi ghafla kwenye wimbi la mshtuko. Eneo lote lililo ndani ya mpaka ndilo magnetosfia.

Hesabu za Gauss peke yake haziwezi kuchora umbo hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uga wa huko mbali hutokana na mikondo ya umeme iliyo angani kwenyewe. Mwanafizikia wa Urusi Nikolai Tsyganenko aliishughulikia kazi hiyo kwa miongo mingi. Alichukua vipimo vilivyokusanywa na setilaiti za miaka mingi, akatunga milinganyo inayoweza kuviwakilisha vyote kwa pamoja. Matoleo ya modeli zake hutajwa kwa herufi T na mwaka, na T89 ya mwaka 1989 huenda ndiyo iliyotumika zaidi.

Vipande vyote vikawa tayari: njia ya setilaiti, uga wa ndani ya dunia, na uga wa nje. Kilichobaki ni kuvikusanya kwenye skrini moja.

Programu ninayotaka kukaa nayo kidogo inajulikana kwa herufi tatu, OVT. Iliandaliwa mjini Uppsala na Taasisi ya Fizikia ya Anga ya Sweden, ambayo makao yake makuu yapo Kiruna, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Chimbuko lake ni mradi wa Cluster wa Shirika la Anga la Ulaya, na sioni namna ya kuieleza programu bila kuueleza mradi.

Cluster ilikuwa na setilaiti nne zinazosafiri pamoja. Za kwanza ziliangamia tarehe 4 Juni 1996, pale roketi mpya ya Ariane 5 iliporuka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikapasuka kabla haijatimiza dakika moja. Chanzo kilikuwa kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4: namba kubwa ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ikakosa kuenea, na mfumo wa kuongoza roketi ukazimika. Wanasayansi waliokuwa wameitumikia kazi hiyo kwa miaka mingi hawakukubali kuiacha. Setilaiti nne nyingine zilitengenezwa, zikarushwa mbili mbili kutoka Baikonur mwezi Julai na Agosti 2000, zikapewa majina ya ngoma: Rumba, Salsa, Samba na Tango. Zilipima hadi Septemba 2024. Huo ni ustahimilivu ninaoustahi sana.

Kwa nini nne? Setilaiti moja ikiona uga umebadilika, haiwezi kusema kama uga umebadilika kwa kupita kwa wakati, au ni yenyewe iliyohamia mahali tofauti. Nne zikipangwa katika umbo la piramidi ya nyuso nne za pembetatu, tofauti kati ya vipimo vyake huonyesha mabadiliko kwa kila upande wa nafasi, na kutokana na hayo hupatikana hata mkondo wa umeme unaopita katikati yake. Umbali baina yake ulirekebishwa mara kwa mara, kutoka kilomita chache hadi zaidi ya 10,000. Njia yake ilipita juu ya ncha, ikikaribia dunia hadi kilomita 19,000 hivi na kuondoka hadi kilomita 119,000, mzunguko mmoja ukichukua saa 57.

Mpango kama huo hauwezi kuongozwa kwa jedwali la namba tupu. OVT humwezesha mtumiaji kuchagua saa na tarehe, akaona njia za setilaiti katika pande tatu, mistari ya uga, mpaka wa magnetosfia, wimbi la mshtuko, na tabaka la mkondo wa umeme linalougawa mkia. Anaweza kuligeuza umbo zima, akalitazama kutoka upande wa jua au kutoka mkiani. Njia za setilaiti nyingine huingizwa kwa ile mistari miwili ya namba tuliyoichambua katika sehemu ya pili.

Uzito wa programu hii, kwa maoni yangu, uko kwenye mifumo yake mitano ya kupima mahali. Abiria aliyeketi ndani ya jahazi na mtu aliyesimama ufukweni Lamu hawatakubaliana kuhusu kinachosogea, na wote wawili wana haki. Ndivyo ilivyo angani. Mfumo wa kwanza umefungwa kwenye nyota, wa pili unazunguka na dunia. Wa tatu unaelekeza mhimili wake mkuu kwenye jua, wa nne hufanya hivyo lakini hujiinamisha kufuata sumaku ya dunia, na wa tano unasimama juu ya mhimili wa sumaku yenyewe. Ukiitazama njia ya Cluster kwa mfumo wa nyota, haigeuki sana mwaka mzima. Itazame kwa mfumo wa jua, nayo inaizunguka dunia taratibu: mnamo Februari kilele chake kiko kwenye upepo wa jua, mbele ya wimbi la mshtuko, ikifika Agosti kilele hichohicho kimezama mkiani. Mhandisi aliyepanga kifaa kipi kiwashwe na lini alihitaji kuliona hilo waziwazi, miezi kadhaa kabla.

Programu huchora pia unyayo wa setilaiti, yaani mahali ambapo mstari wa uga unaopita kwenye setilaiti unaigusa dunia. Kwa unyayo huo mtafiti alijua ni saa ngapi Cluster ingekuwa imeunganishwa na anga lililo juu ya rada za EISCAT huko Tromsø au Svalbard, ili mianga ya ncha ya kaskazini ipimwe kwa pamoja, kutoka chini na kutoka makumi ya maelfu ya kilomita juu.

Pwani yetu ina nafasi yake katika habari hii, na ingefaa ifundishwe shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kurusha kutoka ikweta kulikuwa na faida ya kisumaku. Kitovu cha sumaku ya dunia kimesogea mamia ya kilomita kutoka kitovu cha dunia yenyewe, na juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini uga ni dhaifu, chini ya nanotesla 23,000. Chembe za mikanda ya Van Allen, yaani mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, hushuka chini zaidi hapo na kuvuruga vifaa. Darubini ya Hubble husitisha uchunguzi kila inapopita hapo. Njia ya Uhuru, iliyoinama digrii 3 tu kutoka ikweta, iligusa ukingo wa eneo hilo na kuiepuka sehemu yake mbaya. Kwa sababu hiyohiyo darubini ya IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ipo karibu juu ya ikweta kabisa, na data zake hupokelewa Malindi.

Linganisha na Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023. Ili iweze kuipiga picha ardhi kwa mwanga wa saa ileile, imewekwa kwenye njia inayopita karibu na ncha zote mbili. Ichore kwenye programu na utaona kwa macho kile inacholipia: katika mzunguko mmoja hukata mistari ya uga iliyo mifupi ya ikweta, kisha ile mirefu inayofika mikanda ya Van Allen, kisha ile inayokwenda mkiani, na mizunguko kadhaa kila siku hupita katikati ya udhaifu wa Atlantiki ya Kusini. Njia yake ingali ileile tuliyoichora wiki iliyopita, lakini hatari zake sasa zinaonekana.

Hata hivyo picha nzuri inaweza kudanganya. Njia ya setilaiti kwenye skrini ni kitu kilichopimwa. Mstari wa uga uliochorwa kwa rangi ileile ni makadirio. T89, kwa mfano, hupokea kipimo kimoja tu cha msukosuko wa sumaku, yaani Kp, kinachoanzia 0 hadi 9. Modeli hiyo ina viwango saba, na cha mwisho kinakusanya kila kitu kuanzia takriban Kp 6. Dhoruba kubwa ya Mei 2024 ilifika Kp 9. Anayeichora kwa T89 anapata magnetosfia ileile ambayo angepata siku yenye msukosuko wa Kp 6, na skrini haitamwonya. Modeli za baadaye za Tsyganenko zinaingiza shinikizo la upepo wa jua na mwelekeo wa sumaku yake, na vipimo vya Cluster vimo ndani ya zile mpya zaidi.

Kwa walimu na wanafunzi wa fizikia wanaofuatilia mfululizo huu, nina zoezi. OVT ni ya bure na inatumia Java, hivyo kompyuta ya kawaida inatosha. Chora setilaiti ya televisheni niliyoanza nayo, saa sita ya usiku kwa saa za mahali ilipo, kwanza kwa Kp 0 kisha kwa Kp 6, ukitumia T89. Andika latitudo ya unyayo wake kila mara. Katika sehemu ya nne tutaeleza kwa nini unyayo unahama wakati setilaiti haijasogea.