CHETI CHA KAMPUNI: KUZALIWA SI KUWA HAI

Mpenzi msomaji, bila shaka una cheti cha kuzaliwa. Lakini je, wajua kwamba kampuni nayo huzaliwa, hupewa cheti, na hata hufa?

Hebu tuanzie hapa kwetu. Mwaka wa 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliandikisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Watu wengi walitoa pesa zao wakanunua hisa. Kampuni ikishaandikishwa huwa kama mtu mbele ya sheria: yaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe. Mali yake si mali ya mwenyekiti, hata awe mheshimiwa namna gani.

Siku hizi kazi hiyo hufuata Sheria ya Makampuni ya mwaka wa 2015. Msajili hutoa cheti chenye jina la kampuni, nambari yake na tarehe ya kuandikishwa. Ndicho hicho tunachokiona kimetiwa fremu na kuangikwa ukutani.

Basi hapo ndipo wengi hunaswa. Cheti cha kuzaliwa hakisemi kama mwenyewe yu hai! Msajili ana uwezo wa kuifuta kampuni isiyofanya kazi, na habari hiyo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Kampuni imekufa, lakini fremu bado inang'aa.

Tuseme mtu amekuja Migosi kumwuzia mzazi wako ploti kwa jina la kampuni. Mzazi asiridhike na fremu. Aombe hati iitwayo CR12, ambayo Msajili huitoa kupitia mtandao wa eCitizen. Hiyo huonyesha wakurugenzi ni akina nani na wenye hisa ni akina nani. Je, huyu anayetaka kutia sahihi yumo? Aangalie na tarehe, maana hati ya miaka mitatu iliyopita ni hadithi ya kale. Tena aulizie cheti cha KRA cha kutimiza kodi, ambacho hudumu miezi 12. Lakini jamani, hati hizi hazisemi kwamba ploti ni yao! Hilo huulizwa katika ofisi ya ardhi.

Wanachama wenzangu, wazee wetu hutuita tuwasomee karatasi kabla ya kutoa pesa walizochuma kwa jasho. Tusisome haraka haraka. Jina, nambari, tarehe, sahihi: tusome vyote. Tahadhari kabla ya hatari!