Ebola ilitoka wapi? Namna maabara inavyosoma herufi za kirusi



Katika mikutano yetu na familia zilizohama makwao Kivu ya Kaskazini, swali moja linarudi mara kwa mara: ugonjwa ukitokea, nani ameuleta? Swali hili limekwisha kuvunja ujirani mwingi. Kwa hiyo tunapenda kueleza namna maabara inavyotafuta jibu, tukichukua mfano wa Ebola.

Kila kiumbe hubeba ndani yake maandishi madogo sana yanayoongoza mwili. Kwa binadamu, wanyama na mimea yanaitwa DNA, nayo yana herufi nne tu: A, C, G na T. Kirusi cha Ebola kinatumia RNA, ndugu ya DNA, yenye herufi kama 19,000.

Kazi inafanyika hivi:

1. Wahudumu wanachukua damu kidogo ya mgonjwa na kuua kirusi kilichomo.
2. RNA inageuzwa kuwa DNA, kisha zinatolewa nakala nyingi.
3. Mashine inasoma herufi, kipande kwa kipande.
4. Kompyuta inaunga vipande na kuvilinganisha na virusi vya wagonjwa wengine.

Kulinganisha kunasaidia nini? Fikirini wanafunzi wanaonakili somo, daftari kwa daftari. Mmoja akikosea neno, wote wanaonakili kwake wanabeba kosa lile lile. Kirusi nacho kinapoongezeka hukosea herufi chache. Virusi vyenye makosa yaleyale ni vya ukoo mmoja.

Mwaka 2018, Ebola ya jimbo la Équateur ilitangazwa kwisha tarehe 24 Julai. Tarehe 1 Agosti ikatangazwa nyingine Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kule. Je, kuna msafiri aliyeileta? Taasisi ya INRB ya Kinshasa ilisoma herufi na kukuta kwamba virusi hivyo viwili havikutokana. Ebola hiyo ya pili ilidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287.

Februari 2021 Ebola ilionekana tena Butembo. Safari hii jibu lilikuwa tofauti: kirusi kilikuwa cha ukoo uleule wa 2018-2020. Sababu ni kwamba kirusi kinaweza kujificha miezi mingi katika mwili wa mtu aliyepona, hasa katika mbegu za kiume.

Hapa tunawaomba viongozi muwe waangalifu sana. Habari hii ikisemwa vibaya, waliopona watafukuzwa. Anayefukuzwa hujificha, haji kupimwa, na ugonjwa unapata njia. Kumsalimia aliyepona, kula naye au kulima naye hakuambukizi. Mwanaume aliyepona anahitaji kupimwa mara kwa mara na kutumia kondomu mpaka vipimo vionyeshe kwamba kirusi hakipo tena. Hana hatia yoyote. Yeye pia aliugua.

Basi, siku uvumi ukiingia katika kambi au kijiji, msikubali jina la mtu au la kabila litajwe mkutanoni. Mwiteni kwanza muuguzi mkuu wa kituo cha afya aeleze yaliyopimwa, na mketi pamoja kumsikiliza, wenyeji na waliohama.