Kichujio cha Mkaa Hakioshwi

Katika baadhi ya nyumba za Kinondoni, maikrowevu hufungwa juu ya jiko la gesi ili ivute moshi na kuirudisha hewa chumbani ikiwa imechujwa. Kichujio chake cha waya hunasa mafuta, nacho huoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Kile cha mkaa hunasa harufu. Hicho hakioshwi, hubadilishwa baada ya miezi sita hivi, umeme ukiwa umezimwa. Wanaokiosha ili kubana matumizi tunawaelewa, ila mkaa uliokwisha kushiba hausafishiki.

Linalotutia hofu zaidi ni pale gesi inapokwisha usiku, jiko la mkaa likaingizwa ndani, madirisha yamefungwa. Kichujio hicho, hata kikiwa kipya, hakizuii kaboni monoksaidi, hewa iuayo bila harufu wala rangi. Jiko hilo likae nje.