Mwalimu wa muziki anapogeukia kompyuta

Katika miji kama Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, kijana anayetangaza kwamba anaacha kufundisha muziki ili ajifunze kutengeneza tovuti huzua mjadala nyumbani. Wazee huuliza: ada tuliyolipa imekwenda wapi? Leo tunapenda kulijibu swali hilo, kwani ndani yake mna riziki ya kijana na jasho la wazazi.

Usukumani muziki haukungoja shule. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na manju ndiye mtunzi, mwalimu na kiongozi. Aliyetaka ualimu wa muziki wa darasani aliweza kwenda Mwanza, katika Chuo cha Ualimu Butimba. Lakini shule zenye kipindi cha muziki ni chache, na ala ni chache zaidi. Kwa upande mwingine, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, kisha Mkongo wa Taifa ukasambaa mikoani. Tangu hapo mtengeneza tovuti halazimiki kuhamia Dar es Salaam.

Je, fani hizi zina udugu? Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala za muziki, na huo si mjadala wetu leo. Lakini historia inatufunza jambo. Katika Baghdad ya karne ya 9, ndugu watatu waitwao Banu Musa walieleza namna ya kuunda filimbi inayojipiga yenyewe: silinda yenye vijino ilizunguka, nao vijino vikafungua na kufunga matundu ya filimbi. Mpangilio wa vijino ukibadilishwa, sauti nazo hubadilika. Hiyo ndiyo maana ya programu: maagizo yaliyopangwa, mashine ikayafuata.

Basi mwalimu huyu haendi mikono mitupu. Kwanza, amezoea nota, ambazo ni alama zinazosomwa kwa mpangilio. Na katika maandishi ya tovuti, alama moja ikikosekana ukurasa waweza kuharibika. Pili, anajua kurudia zoezi hadi mkono ukubali. Tatu, ni mwalimu: mwenye duka la pembejeo asiyejua tovuti ni kitu gani anahitaji mtu wa kumweleza kwa subira.

Hata hivyo, nidhamu si ujuzi. Lugha za kuandikia kurasa, upangaji wa rangi na usalama wa taarifa havijifunzi kwa wiki moja. Tunamshauri kijana asiache mshahara kabla ya kupata wateja; aanzie likizo na jioni. Nao wazazi wasihesabu vyeti, bali wamwombe awaonyeshe tovuti aliyoitengeneza, tena waifungue kwenye simu, maana ndiko wengi wanakosomea.

Na kazi hii ni amana. Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi hulipiwa kila mara muda wake unapokwisha. Fundi mwaminifu humweleza mteja gharama hizo mapema, na huliandikisha jina hilo kwa mteja, si kwake mwenyewe.

Kwa hiyo, wazee wetu, ada haikupotea. Ilinunua sikio, subira na ulimi wa kufundisha, na kijana anaondoka navyo vyote.