Rushwa Inavyohesabiwa Kaya kwa Kaya

Kila mwaka shirika la Transparency International hupanga nchi kwa kiwango cha rushwa. Orodha hiyo, iliyoanza 1995, hutegemea maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Mkulima wa karoti wa Mgeta, juu katika Milima ya Uluguru, haulizwi. Wala mama wa Kinole anayeteremsha ndizi Morogoro mjini. Ukitaka kuwasikia hao, sharti upande mlima ukapige hodi.

Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi Afrika, imekuwa ikifanya hivyo Tanzania tangu 2001, na katika awamu za karibuni kazi hiyo imebebwa na taasisi ya utafiti ya REPOA ya Dar es Salaam. Watu wapatao 2,400 huhojiwa nchi nzima. Maeneo huchaguliwa kwa bahati nasibu, kila eneo watu 8. Ndani ya nyumba pia hupigwa kura, wanaume na wanawake kwa kupokezana. Vinginevyo baba mwenye nyumba angejibu kila mahali.

Mhojaji haanzi na rushwa. Kwanza huuliza: katika miezi 12 iliyopita, ulifika zahanati? Polisi? Aliyefika ndiye huulizwa kama ilimbidi kutoa rushwa, kumpa ofisa zawadi au kumfanyia hisani ili ahudumiwe.

Mpangilio huo una uzito. Tuseme kati ya kaya 1,000, kaya 200 zilikwenda polisi na 60 zikatoa hela. Ukigawa kwa kaya zote unapata asilimia 6. Ukigawa kwa zilizokwenda, asilimia 30. Hesabu ya kwanza huipendelea milima isivyo haki: rushwa huonekana ndogo kwa sababu ofisi ziko mbali na nauli ni ghali.

Woga nao hupimwa. Mwishoni mhojiwa huulizwa anadhani nani amewatuma wahojaji, maana anayedhani ni serikali huenda akachunga ulimi.

TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, nayo ilifanya tafiti za kitaifa 2009 na 2020. Lakini sampuli ya taifa haiwezi kusema lolote la uhakika kuhusu Mgeta peke yake, na hapo ndipo halmashauri zingepaswa kuwa na dodoso lao. Tena liwafikie waliokata tamaa: mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba aliyeambiwa hatasikilizwa mikono mitupu, akabaki nyumbani. Hakutoa hata senti, kwa hiyo katika takwimu anaonekana hana tatizo. Swali moja lingemfikia: kuna huduma uliyoihitaji mwaka huu ukaacha kuifuata kwa kuhofia kuombwa hela?