Udongo Unaonasa Mafuta

Je, maji maangavu ni safi daima? La. Petroli ikimwagika karibu na kisima, sehemu yake huyeyuka majini. Macho hayaioni, wala kitambaa cha kuchujia hakiizuii.

Jaribio: Twaa bonge la udongo wa mfinyanzi uliolowa maji. Lidondoshee mafuta ya kula. Utaona kwamba mafuta hayapenyi, bali hubaki juu. Kwa nini?

Udongo wa mfinyanzi una matabaka membamba sana, yaliyopangika kama kurasa za kitabu. Katika aina iitwayo bentonaiti, nyuso za matabaka yote ya gramu moja tu hufikia mita za mraba 700 hivi, yaani zaidi ya viwanja vinne vya mpira wa wavu! Lakini kati ya matabaka hayo mna chembe za sodiamu, ambazo huvuta maji. Maji yakiisha kujaa, mafuta hukosa nafasi.

Wanakemia huondoa sodiamu na kutia badala yake chembe zenye mikia mirefu inayoshikana na mafuta. Udongo huo sasa hunasa mafuta na petroli, nao hutumika kusafisha maji machafu ya viwanda. Ukijaa, huondolewa na kutiwa mwingine.

Kumbuka: Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini si dawa ya kila sumu. Usinywe maji yanayonuka mafuta, hata yakiwa maangavu.

Maswali
1. Kwa nini udongo wa kawaida haunasi mafuta?
2. Wanakemia huubadilishaje?