Mukubwa Akiandika Habari za Vita Yake

Kila mutu wa mugodi anajua jambo hili: jiwe likianguka na mutu akiumia, kapita anaandika raporti. Katika raporti ile yeye mwenyewe hana kosa hata kidogo. Wale waliokuwa naye kule chini wanasema maneno mengine. Hatusemi kapita ni mwongo. Anaandika vile alivyoona, na tena anajikinga. Leo tunawaletea raporti ya namna ile, lakini ya vita muzima.

Mwenye kuiandika njo Sergei Sazonov, minisitiri wa mambo ya inje wa mufalme wa Urusi tangu 1910 mpaka 1916. Nyuma ya mapinduzi alimaliza maisha yake ugenini. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha ukumbusho wake, na mwaka ule ule akafa kule Nice, Ufaransa.

Tuangalie siku moja tu. Tarehe 28 Julai 1914 Austria ilitangaza vita juu ya Serbia, rafiki ya Urusi. Mufalme Nicolas II aite waaskari wote ao hapana? Tarehe 29 alikubali, kisha telegramu ya mufalme wa Ujerumani ikafika, akageuza neno. Kesho yake, tarehe 30, Sazonov akaenda kumuona kule Peterhof. Walizungumza karibu saa nzima, mufalme akakubali tena. Sazonov akakamata telefoni na kumupasha jenerali Yanushkevich. Jenerali yule alikuwa amekwisha kusema kwamba, neno likifika, atavunja telefoni yake, wasipate kumuambia tena kwamba mufalme amegeuka.

Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita juu ya Urusi. Tarehe 4 waaskari wake wakaingia Ubelgiji.

Katika kitabu, Sazonov anasema alitaka amani, kuita waaskari si kupigana, na kosa ni la Vienna na Berlin. Kuna ukweli ndani yake: Austria ilikuwa inatafuta vita na Serbia. Lakini ile telefoni ya kuvunja inatuonyesha jambo lingine. Wakubwa walijua kwamba neno likitoka, kulirudisha ni nguvu sana. Wajerumani walikuwa wamepanga kupiga Ufaransa kwanza, mbele Urusi haijawa tayari. Kwao kila saa ilikuwa na bei.

Habari ya telefoni imo katika daftari ya baron Schilling, mukubwa wa biro ya Sazonov, aliyeandika mambo ya siku kwa siku. Ilichapwa mwaka 1925. Balozi wa Ufaransa, Paléologue, naye alitoa kitabu chake, lakini wenye kuchunguza historia wameona alitengeneza siku zake nyuma ya vita.

Tena kuna siri. Mwezi wa Machi 1915 Sazonov aliomba Uingereza na Ufaransa ziahidi kwamba, wakishinda, Urusi itapata Constantinople na njia yake ya bahari. Wakakubali, bila kuambia wale waliokuwa wanakufa katika mashimo ya vita. Mwezi wa Novemba 1917 serikali mupya ya Urusi ilifungua makabati na kuchapa mikataba ile mbele ya watu wote.

Basi, kitabu cha mukubwa tusikitupe. Kinatuonyesha nani aliingia katika chumba, na nani aliogopa nini. Lakini tuulize: aliandika siku ile, ao miaka nyuma? Nani mwingine alikuwapo? Telegramu zinasema saa ngapi?

Jambo hili linatuhusu hata sisi. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani ilipiga mizinga Lukuga, pembeni ya Tanganyika. Mwaka 1916 waaskari na wapagazi wa Kongo walitembea mpaka Tabora, na shaba ya Katanga ikaenda kufanya risasi. Wapagazi wale hawakuacha vitabu. Kama nyumbani kuna muzee aliyesikia masolo yao, mumuulize. Muandike maneno yake, pamoja na tarehe mutakayomusikiliza. Raporti ya kapita tuko nayo tayari. Ya wale waliokuwa chini njo inakosa.